SIMBA WA NYASI HALISI: Malalamiko ya Watazamaji wa The Lion King kama Uhakiki

Utangulizi

Katika madarasa yetu ya fasihi kuna mgawanyo ambao hatuuhoji. Msomi anahakiki, mshabiki analalamika. Msomi ana nadharia, mshabiki ana mapenzi na hasira tu. Makala hii inaupinga mgawanyo huo kwa kutumia mfano ambao wengi wetu tumekua nao: filamu ya katuni The Lion King ya mwaka 1994, na toleo lake la "wanyama halisi" lililotoka Julai 2019.

Hoja yangu ni kwamba malalamiko ya watazamaji juu ya toleo hilo, wakiwemo watazamaji wa huku Magomeni (nasema Magomeni ya Mtwara, si ile ya Dar es Salaam), yalikuwa uhakiki wa fani na maudhui, ingawa yalisemwa kwa lugha ya kijiweni. Zaidi ya hapo, lalamiko lililorudiwa kuliko yote, lile la nyuso zisizo na hisia, lilikuwa sahihi katika hukumu yake lakini halikuitaja sababu yenyewe. Sababu hiyo mtu wa kusini anaweza kuieleza vizuri, kwa kuwa sanaa yake ya jadi imekwisha kulijibu swali hilo zamani.

Kilichofanyika

Kwa wasioikumbuka hadithi: Simba, mtoto wa mfalme Mufasa, anakimbia nchi yake baada ya baba yake kuuawa kwa hila na Scar, ndugu wa mfalme. Anakulia ugenini pamoja na Timon na Pumbaa, kisha anarudi kudai kiti cha baba yake. Katuni ya 1994 iliongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff, na urefu wake ni dakika 88. Toleo la 2019 liliongozwa na Jon Favreau, nalo lina dakika 118.

Neno "halisi" hapa lisitudanganye. Hakuna simba hata mmoja aliyepigwa picha. Favreau mwenyewe alieleza kwamba picha 1,490 za filamu ile zilitengenezwa kwa kompyuta, na moja tu ndiyo iliyopigwa kwa kamera Afrika: lile jua linalochomoza mwanzoni. Kwa hiyo tunachokizungumzia ni katuni mbili. Moja inakiri kuwa ni mchoro, nyingine inajificha.

Ni haki kusema pia kwamba si watu wote waliolalamika. Filamu iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani, na watazamaji wa Marekani walioulizwa mlangoni walipotoka sinema waliipa alama ya A, wakati wahakiki wa magazeti waligawanyika. Wapo watakaosema basi, kesi imekwisha, umma umeamua. Mimi sioni hivyo. Tiketi hulipwa kabla ya kutazama. Inapima hamu, haipimi matokeo. Na mtu aliyeipenda katuni utotoni atalipa hata kama ana wasiwasi, kama vile mtu aendavyo kuiangalia nyumba aliyozaliwa baada ya kuuzwa.

Lalamiko la kwanza: "Kwani kulikuwa na haja gani ya kurudia?"

Lalamiko hili lilisikika kila pembe ya dunia. Kwetu sisi, hata hivyo, halina mizizi. Katika fasihi simulizi kila utambaji ni marudio. Hadithi ya Sungura na Fisi imetambwa na mabibi wangapi? Hakuna mtoto aliyewahi kumwambia bibi yake, "Bibi, hii tulishaisikia, ya nini tena?" Kinyume chake, mtoto huidai ileile. Anachokikataa ni kutambiwa vibaya. Bibi akisinzia katikati, au akimfanya Fisi aongee kwa sauti ya Sungura, hapo ndipo mtoto analalamika, na analalamika kwa haki.

Hata filamu za kigeni zimewahi kutambwa upya nchini mwetu. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kuzisimulia kwa Kiswahili juu ya picha zenyewe: akaongeza vichekesho na maelezo, wahusika wa ng'ambo wakageuka watu wa mtaani kwetu. Watazamaji wa vibanda vya video hawakuona kwamba amewaibia filamu. Waliona fanani yuko kazini.

Kwa kipimo hicho, kosa la filamu ya 2019 ni kurudia bila kutamba. Ufunguzi wake unafuata ule wa 1994 karibu picha kwa picha. Dakika 30 zimeongezeka, lakini mtazamaji anayeijua hadithi atapata shida kutaja jambo moja jipya analolijua juu ya Simba au Scar kutokana na dakika hizo. Na pale palipobadilishwa, mara nyingi palipunguzwa. Wimbo wa Scar wa kuwaandaa fisi kwa uasi, ambao katika katuni ni gwaride la kutisha lenye moshi na kivuli, umekatwa ukawa karibu maneno matupu. Wimbo wa mapenzi unaotaja usiku katika jina lake unaimbwa mchana kweupe! Mashabiki waliucheka sana, na wengine wakaona ni kucheka vitu vidogo. Si kidogo. Ni sawa na mtambaji anayesema "giza lilikuwa nene" huku anakuonyesha jua. Fani inaipinga dhamira, na hadhira imeliona jambo hilo kabla ya mhakiki hajafungua daftari.

Lalamiko la pili: nyuso

Hapa ndipo penye kiini. "Simba hawa hawana hisia." Mufasa anakufa na mtoto wake anamtazama kwa uso uleule aliokuwa nao alipokuwa akicheza. Katika katuni nyusi zinapanda, macho yanatanuka, mdomo unapinda kama wa binadamu. Katika toleo jipya, kwa kuwa simba wa porini hana nyusi za kupandisha, hazikupandishwa. Watengenezaji walichagua kuwa waaminifu kwa mnyama. Watazamaji wakauliza: na hadithi je, nani atakuwa mwaminifu kwake?

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba uso usiosogea hauwezi kubeba huzuni. Sikubaliani nayo, na ushahidi wangu uko karibu. Tuangalie ngoma ya mapiko ya Wamakonde, wa ng'ambo ya Ruvuma na wale waliohamia huku (upande huu wa mto kuna pia vinyago viitwavyo midimu). Lipiko ni kichwa cha mti mwepesi anachokivaa mchezaji, mwili wote ukiwa umefunikwa nguo. Uso ule umechongwa mara moja tu. Hauna msuli hata mmoja. Lakini ngoma ikianza, watu wanauona ukikasirika, ukidhihaki, ukitisha watoto mpaka wanakimbia. Umefanyaje? Haukufanya kitu. Shingo ndiyo iliyogeuka ghafla, bega likatetemeka, ngoma ikasimama wakati mguu uko hewani. Hisia ziko katika mchezo mzima, na macho ya mtazamaji ndiyo yanayozirudisha usoni.

Kwa hiyo uso mgumu peke yake si kosa. Kosa ni kwamba filamu ya 2019 iliufanya uso kuwa mgumu, na papo hapo ikaizuia ngoma isichezwe. Kumbuka wimbo wa Simba mdogo anayetamani kuwa mfalme upesi. Mwaka 1994 rangi zote zinabadilika, wanyama wanapandana kama mnara, dunia inageuka kuwa kichwa cha mtoto mwenye kiburi. Mwaka 2019 watoto wanakimbia kati ya wanyama waliokuja kunywa maji. Kwa nini? Kwa sababu twiga halisi hawapandani. Uhalisia wa manyoya ulidai uhalisia wa mandhari, mandhari ikadai uhalisia wa mwendo, mwishowe ukadaiwa hata uhalisia wa nuru. Kila kiungo ambacho kingeweza kuusaidia uso ule kilifungwa kamba.

Ushahidi wa upande wa pili ni tamthilia ya muziki ya hadithi hiyohiyo iliyoanza mwaka 1997 chini ya uongozi wa Julie Taymor, ambaye mwaka 1998 alipata tuzo ya Tony ya uongozaji kwa kazi hiyo. Nayo ni marudio ya katuni kwa kutumia miili halisi. Wahusika wake wakuu wanavaa vinyago visivyofumba jicho wala kucheka, kichwani, na uso wa mwigizaji unaonekana chini yake. Haikupokewa kwa lalamiko la nyuso mfu. Imeendelea kujaza ukumbi kwa zaidi ya miaka 25. Taymor hakumficha binadamu aliyemo ndani ya simba. Favreau alimficha kabisa, halafu akataka tumlilie.

Walimu wetu hutufundisha kwamba uhalisia ni mtindo mmoja miongoni mwa mitindo, wala haulingani na ukweli. Euphrase Kezilahabi aliuacha kwa makusudi katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), na hakuna anayesema kwamba vitabu hivyo vimeukimbia ukweli. Somo hilo tunalikariri kwa ajili ya mtihani. Mshabiki aliyesema "simba hawa kama wa kwenye filamu za mbuga za wanyama" alilitumia.

Simba wa kweli ni yupi?

Kuna jambo jingine ambalo watazamaji wa London au Chicago hawawezi kulileta katika mjadala huu. Watafiti wakiongozwa na Craig Packer walichapisha mwaka 2005 katika jarida la Nature kwamba tangu 1990 hadi 2004 simba waliua watu 563 nchini Tanzania na kujeruhi zaidi ya 300. Jirani zetu wa Lindi walikuwa miongoni mwa walioumizwa zaidi. Ng'ambo ya Ruvuma, katika uwanda wa Mueda, watu husimulia juu ya simba wa aina mbili: yule wa porini, na yule wa mtu, ambaye ametengenezwa na mchawi au ni mchawi mwenyewe aliyejigeuza.

Bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa katika vijiji vya ndani huko Lindi, aliitazama filamu ya 2019 kwa dakika chache, akauliza, "Mjukuu wangu, huyu anasema kama mtu, huyu ni simba wa nani?" Wadogo zangu walicheka. Mimi nadhani lile ndilo swali bora la uhakiki nililolisikia juu ya filamu ile. Simba wa katuni ni mtu aliyevikwa ngozi ya simba, na hadhira inaufahamu mkataba huo, kama inavyoufahamu mkataba wa ngano. Ukimfanya awe na kila unywele wa simba halisi, kisha akafungua kinywa na kunena, mkataba umevunjika. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo simba amebeba jirani, anayeonekana pale si mfalme mwema, ni simba-mtu. Watazamaji wa mbali walisema tu kwamba midomo ile ikizungumza "inaleta ukakasi". Bibi alikwenda hatua moja mbele: aliuliza nani yuko ndani.

Lalamiko la tatu: ulimi

Basi tuje kwenye lalamiko la Waswahili wenyewe. Filamu hii imejaa maneno yetu. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, Pumbaa amepumbaa, na "hakuna matata" imekuwa salamu ya watalii dunia nzima. Watengenezaji wa katuni walikwenda Kenya kuangalia mandhari, hasa Hell's Gate, na wale wa toleo la 2019 wakarudi Kenya kuangalia tena. Kwa jicho, hawakuacha kitu: jani, vumbi, kivuli cha mgunga. Kwa sikio je?

Tazama fisi. Katika katuni walikuwa Shenzi, Banzai na Ed. Mwaka 2019 wawili wa mwisho waliondolewa, wakaja Azizi na Kamari. Azizi, yaani kipenzi, ni fisi mpayukaji. Hilo tunaweza kulichukua kuwa ni kejeli. Lakini Kamari! Huenda aliyemwita hivyo alikuwa akifikiria mwezi kwa Kiarabu. Kwa Kiswahili ni mchezo wa kubahatisha pesa. Katika kibanda cha Magomeni watu walicheka mahali ambapo mwongozaji hakukusudia, na kicheko cha namna hiyo ni hukumu.

Shenzi ni jambo zito zaidi. Kiongozi wa fisi wa 2019 ameinuliwa hadhi: si kichekesho tena, ni kamanda, na sauti yake ni ya Florence Kasumba, mwigizaji wa Ujerumani aliyezaliwa Kampala. Kila kitu chake kimefikiriwa upya isipokuwa jina. Sasa hapo ndipo pwani ya Mtwara inapokunja uso. "Mshenzi" ni neno ambalo waungwana wa miji ya pwani waliwaitia watu wa bara, wakulima na watumwa, kila aliyehesabiwa kuwa nje ya ustaarabu. Wako wazee wetu waliolisikia neno hilo wakiambiwa wao. Mwaka 1994 wahakiki wa Marekani walikwisha lalamika kwamba fisi waliokaa nje ya mpaka wa ufalme, kwenye giza na njaa, wamepewa sauti zinazowakumbusha watu weusi na Walatino wa mijini. Hawakujua kwamba jina la kiongozi wao lilikuwa likisema jambo lilelile kwa Kiswahili. Sisi tulijua. Miaka 25 ilitosha kumwuliza Mswahili mmoja.

Lalamiko hili lilipata umbo mwezi uleule wa Julai 2019, Beyoncé, aliyetia sauti ya Nala, alipotoa albamu yake ya The Lion King: The Gift. Humo wamo wasanii wa Nigeria, Ghana, Kamerun na Afrika Kusini. Wa Afrika Mashariki hakuna. Mashabiki wa Kenya na Tanzania walikasirika hadharani: mandhari yetu, majina yetu, wageni wetu wa kitalii, na sauti hakuna? Kabla ya hapo, Desemba 2018, Mzimbabwe Shelton Mpala alianzisha ombi la kukusanya saini dhidi ya Disney kwa kusajili "Hakuna Matata" kuwa alama ya biashara ya nguo nchini Marekani, usajili uliokamilika mwaka 2003.

Katika mji ulioishi vurugu za gesi za mwaka 2013, ni rahisi kusema: hii nayo ni rasilimali inayotoka kusini bila kutuachia kitu. Mfano huo unavutia lakini unachechemea. Gesi ikitoka imetoka. Neno likitoka linabaki. Hakuna polisi atakayenikamata Magomeni kwa kusema hakuna matata (na kusema kweli huku tunasema "hamna shida"). Kilichopotea si neno. Kilichopotea ni nafasi ya kuulizwa. Tena ushahidi upo kwamba kuuliza kunawezekana: mfululizo wa katuni za televisheni wa kampuni hiyohiyo, The Lion Guard, ulioonyeshwa tangu 2016 hadi 2019, una Kiswahili kingi kuliko filamu zote mbili, hadi kiboko aitwaye Beshte, neno lililotoka mitaani. Mtoto wa Mtwara akilisikia hilo hacheki kwa kejeli. Anacheka kwa sababu amelitambua.

Hitimisho

Malalamiko haya matatu yanaungana mahali pamoja. Watengenezaji wa 2019 waliahidi uhalisia, kisha wakaamua peke yao ni nini kilicho halisi. Nyasi zilihesabiwa kuwa halisi. Ngoma haikuhesabiwa, wala lugha. Ndiyo maana uso wa simba ulinyamaza na jina la fisi likatukana, katika filamu moja, kwa sababu moja.

Jambo hili halijaisha. Desemba 2024 ilitoka Mufasa: The Lion King ya Barry Jenkins, kwa mtindo uleule wa manyoya ya kompyuta. Humo kuna nchi ya ahadi iitwayo Milele, jina zuri na sahihi. Humo pia Scar, akiwa kijana, anaitwa Taka. Msomaji mwenzangu, hapo uko peke yako: chagua kama mtoto wa mfalme ameitwa kutokana na kutaka au kutokana na takataka.

Ombi langu kwa walimu wetu na kwa wanafunzi wenzangu ni dogo. Tunapofundishwa nadharia ya upokezi, tusiishie kwenye vitabu vya ng'ambo. Twende vibanda vya video, tukae nyuma, tuandike wanapocheka na wanapoguna. Wenye maoni tofauti waandike toleo lijalo. Hasa wale wanaoona kwamba nimeusifu mno uso wa lipiko. Ningependa kuusikia upande huo kutoka kwa mtu aliyewahi kuuvaa.